Mkono wa Seneta Rustad

Seneta Alden Rustad alianguka akiwa ameshika uma. Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai mwaka wa themanini na sita, kwenye maonyesho ya wakulima wa wilaya ya Orsted, na alikuwa amefika pai ya kumi na moja kati ya kumi na nne alizopangiwa kuonja ili amtangaze mshindi. Alisema hii ya cheri imezidi chumvi kidogo, akageuza shingo kumtafuta mkewe, akaenda chini pamoja na kitambaa cha meza na pai zote zilizobaki. Wanawake waliozioka wanaisimulia habari hiyo mpaka leo, na kila mmoja anahakikisha kwanza umeelewa kwamba ile ya cheri haikuwa yake.

Siku kumi na sita baadaye Seneta alikuwa ghorofa ya nne ya hospitali moja kwenye mji mkuu wa jimbo, mrija umepita kooni, mashine ikimpumulia. Mkewe, Marlys, alikuwa kwenye kiti chekundu cha plastiki pembeni ya kitanda. Kile kiti alishakijua. Alijua mguu upi mfupi, na alijua ukiegemea kushoto kinalia. Kwa siku kumi na sita alikuwa anatoka pale kwa mambo mawili tu: kwenda kulala saa chache hoteli ya ng'ambo ya barabara, na kushuka ngazini saa tatu asubuhi kuwasomea waandishi wa habari kadi aliyoandikiwa na Doyle, msaidizi wa Seneta.

Daktari hakumficha. Siku ya tatu tu alivuta pazia akamwambia kwamba damu imeujaza ubongo, kwamba anachokiona kinapanda na kushuka kifuani ni kazi ya mashine, na kwamba uamuzi wa kuizima ni wake yeye mke, kwa kuwa watoto hawana. Alisema aamue bila haraka. Hakujua kwamba Marlys alikuwa ameshaamua miaka miwili kabla, jikoni kwake.

Maana Alden alishawahi kupata kiharusi kidogo, kile cha kwanza, ambacho hakuna aliyeambiwa. Kilipopita alimshika Marlys kifundo cha mkono akiwa anamenya viazi, akamwambia kwamba siku ikifika asiwaache wamfunge kwenye mashine. Amrudishe Orsted, amlaze chumba cha chini, dirisha liwe wazi asikie upepo kwenye ngano. Akamwapisha. Marlys akaapa, kisu mkononi, na Marlys si mwanamke wa kuapa ovyo.

Sasa utauliza, kama ameapa na uamuzi ni wake, kiti chekundu anakikalia cha nini? Jibu ni kadi.

Doyle Pruitt alikuwa mkuu wa ofisi ya Seneta tangu Seneta hajawa seneta. Alimkuta Alden mwaka hamsini na mbili, wakili wa mjini mwenye sauti nzuri, na alimkuta pia Marlys, ambaye katika mkutano wa kwanza wa kampeni aliulizwa na akina mama mumewe ana msimamo gani kuhusu bei ya maziwa, akajibu kwamba mumewe hajui hata maziwa yanatokea upande gani wa ng'ombe. Watu walicheka sana. Doyle hakucheka. Mkutano uliofuata alimpa Marlys kadi nyeupe ndogo, imepigwa taipu sentensi tatu, akamwomba kwa adabu asome hizo tu. Ilikuwa kadi ya kwanza kati ya maelfu.

Kulikuwa na kadi za misiba, kadi za harusi, kadi za mswada uliokwama. Kulikuwa na kadi ambayo Marlys aliisoma akiwa na miaka ishirini na tisa, mimba ya pili imetoka wiki tatu kabla, waandishi wakimuuliza habari za watoto: Mungu ametupa jimbo zima liwe watoto wetu. Aliisoma akitabasamu, maana pembeni ya kadi Doyle alikuwa ameandika kwa penseli, tabasamu. Kadi zote alizihifadhi kwenye makasha ya viatu kabatini. Hakujua kwa nini anazihifadhi. Miaka thelathini na minne ukimlisha mtu maneno, mdomo wake unazoea kufunguka wenyewe.

Na hivyo ndivyo ulivyofunguka ile Jumapili, kesho yake baada ya pai. Doyle alimtia kadi mkononi ngazini, kamera zimejipanga, na Marlys ambaye hakuwa amelala akaisoma yote kabla hajaielewa. Seneta amepumzika vizuri. Anajua niko naye. Asubuhi hii ameniminya mkono.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyomchoma. Alden kweli alikuwa na tabia ya kumminya mkono. Kwenye karamu, kwenye ibada ndefu, kwenye hotuba za watu wengine, alikuwa anaushika mkono wake chini ya meza na kuuminya mara tatu, haraka haraka, na maana yake ilikuwa moja tu: twende zetu nyumbani. Doyle hakulijua hilo. Hakuna aliyelijua. Doyle aliitunga tu sentensi nzuri, ikaenda kuangukia penyewe.

Kesho yake ilikuwa ukurasa wa kwanza wa kila gazeti, na jimbo likaibeba. Vituo vya petroli viliweka vibao: Minya tena, Alden. Watu wakawa wanasalimiana kwa kuminyana mikono. Pale Orsted akina mama wa kanisa la Kilutheri walishikana mikono wakalizunguka kanisa zima, watu mia na kitu, wakaomba mpaka jua likawachoma shingo. Na Doyle, akiona jinsi lilivyokubalika, kila asubuhi akawa anaongeza kidogo. Ameminya mara mbili. Ameminya alipotajiwa mvua. Marlys akasoma, na akasoma, na kila aliposoma alikuwa anajifungia mlango mwingine. Nani atazima mashine ya mtu anayeminya mikono? Wangesema amemuua. Na kwa maneno aliyoyatamka mwenyewe wangekuwa na haki ya kusema.

Wiki ya pili Doyle alimweleza lile jingine, chini kwenye mgahawa wa hospitali, mbele ya sahani ya jeli ya kijani ambayo hakuna aliyeigusa. Sheria ya jimbo lao ni hii. Kiti cha seneta kikiachwa wazi kabla ya tarehe mosi Agosti, wananchi wanapiga kura mwezi Novemba huohuo. Kikiachwa wazi kuanzia tarehe mosi, Gavana anateua mtu wa kukikalia miaka miwili. Gavana alikuwa mtu wao. Wananchi mwaka ule hawakuwa wao hata kidogo. Bei ya ngano ilikuwa imeanguka, mashamba yanapigwa mnada kila wiki, mtu ukimtajia chama chao anatema mate. Doyle hakutisha, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba tarehe mosi ni Ijumaa ile ya mwisho wa wiki inayofuata, na kwamba Alden alikipigania kiti kile maisha yake yote.

Marlys aliinuka. Alipanda juu kwenye kiti chake.

Jumatatu ile ya siku ya kumi na sita ndipo pete ya ndoa ya Alden ilipokatwa. Mikono ya Alden ilikuwa imevimba, na muuguzi wa zamu, Bernadine, mwanamke mpana aliyezaliwa shambani na kuongea kama mtu wa shambani, alileta koleo dogo. Alisema pete isipotoka kidole kitakufa kabla ya mwenyewe. Akaikata. Ilitoa mlio mdogo tu. Marlys akapewa hiyo pete ndani ya kikombe cha karatasi, kile cha kuwekea vidonge.

"Mama, mimi sikudanganyi," Bernadine alisema, akifuta mafuta kwenye kidole. "Nyumbani hata ng'ombe hatukumfanyia hivi. Na mimi huo mkono nauosha kila siku. Haujaminya kitu."

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

Marlys alikitazama kile kikombe. Hasira ilimpanda taratibu, tena haikuwa ya Doyle wala ya Bernadine. Ilikuwa ya mdomo wake mwenyewe. Akainuka, kiti kikalia, akatoka kwenda kumtafuta Doyle.

Alimkuta kwenye chumba kidogo mwisho wa korido ambacho hospitali ilikuwa imempa, mashine yake ya taipu imewekwa juu ya meza ya kubadilishia watoto nepi. Alimwambia Jumatano anamchukua mumewe kwenda naye Orsted, mashine itazimwa huko, na kadi zimekwisha.

"Shemeji, Ijumaa," Doyle alisema. "Nakuomba Ijumaa tu. Mtu ameishi miaka sabini na mmoja, siku nne ni nini?"

"Njoo ukae kwenye kile kiti uzihesabu, ndiyo utajua ni nini."

Doyle alikuwa mtu wa miaka sitini, hana mke, hana nyumba ya maana, suti zake zote zinafanana. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti akatoa bahasha, na Marlys akauona mwandiko wa mumewe kabla haijamfikia mkononi. Hizo herufi zilizolala, hiyo R yenye mkia mrefu. Barua ilikuwa ya mwezi wa tatu mwaka uleule, na ilikuwa fupi. Doyle, lolote likinipata karibu na tarehe mosi Agosti, nishikilie mpaka ipite. Marlys usimwonyeshe. Nimemwambia mengine, mwache awe nayo.

Aliisoma mara mbili. Kisha akacheka, kicheko ambacho hata yeye hakukipenda. Jimbo zima lilikuwa linajua habari ya bwawa la Mto Vesper: watu wa juu ya mto Alden aliwaahidi bwawa litajengwa, watu wa chini ya mto akawaahidi halitajengwa, na pande zote mbili zikampa kura mara tano. Marlys alikuwa anaisimulia hadithi hiyo mezani kwa fahari. Hakuwahi kufikiri kwamba na yeye anaishi chini ya mto.

"Mbona hukunionyesha siku zote hizi?"

"Alisema nisikuonyeshe."

"Sasa mimi na wewe, alimwambia nani ukweli?"

"Wote wawili, shemeji," Doyle alisema, na macho yake yakajaa machozi, akawa anatafuta leso asiione. "Ndivyo alivyokuwa. Akiwa na wewe alikuwa anataka nyumbani. Akiwa na mimi alikuwa anataka kiti. Hakuwa anadanganya."

Usiku mzima ule na Jumanne nzima Marlys alikaa na lile neno. Alimtazama Alden akamuuliza, mara ya kwanza kimoyomoyo na mara ya pili kwa sauti, unataka lipi? Mashine ikamjibu ilivyokuwa inajibu kila kitu. Akajisikia mjinga, na chini ya ujinga akasikia uchungu, kwamba hata kifo chake mtu huyu alikuwa amekigawa mapande mawili akampa kila mtu lake. Simu ya Gavana iliingia, nayo ikazungumza habari ya heshima ya jimbo. Mchungaji wa Orsted akapiga akasema akina mama wamefunga kula tangu juzi. Marlys alisema ahsante, ahsante sana, na kila ahsante ikamkaba zaidi.

Kilichomfungua hakikuwa kikubwa. Jumanne jioni, akikunja shati ambalo Alden alikuwa amelivaa siku ya pai, alijiambia kwamba Alden aliwaahidi wengi, na hilo ni lake yeye na Mungu wake. Lakini yeye Marlys alikuwa ameahidi mtu mmoja tu, mara moja, akiwa na kisu na kiazi mkononi. Hakupewa kadi siku ile. Lilikuwa neno lake mwenyewe, pengine ndilo pekee alilowahi kuwa nalo, na hakuwa tayari kulichanganya na ya Alden.

Jumatano saa tatu asubuhi Doyle alimngojea ngazini na kadi. Aliinyoosha bila kumtazama usoni, kama mtu anayelipa nauli. Marlys aliipokea, maana mkono nao ulikuwa umezoea. Akavaa miwani. Kadi ilisema kwamba Seneta ameminya mkono alfajiri na kwamba familia inaomba sala mpaka Ijumaa. Akavua miwani.

"Hajaniminya mkono," alisema. "Si leo, si ile Jumapili. Hajawahi. Nilipewa maneno nikayasoma."

Ulisikia kamera zikizunguka. Wendell Koch, mzee wa gazeti la mji mkuu ambaye alikuwa amemfuata Seneta kwa miaka ishirini, ndiye aliyepata sauti kwanza. Aliuliza taratibu, na kofia kaishika mkononi, kama Bi Rustad anamaanisha kwamba amelidanganya jimbo zima.

"Ndiyo, Wendell. Ndivyo ninavyomaanisha."

"Na nani aliyekuandikia?"

Doyle alikuwa hatua moja nyuma yake. Marlys alimwonea huruma kwa namna ambayo hakuitegemea, akafikiri habari ya suti zake zote zinazofanana.

"Mdomo ulikuwa wangu," alisema. "Namrudisha mume wangu nyumbani. Afe kwake."

Wakasafiri kwa muda wa saa tatu kwenye gari la wagonjwa, mashine ndogo ikimpumulia Alden njiani, Bernadine kashika mfuko wa dripu. Bernadine alikuwa ameomba likizo asubuhi ileile na akamwambia msimamizi wake kwamba akikataliwa atachukua tu. Vituo vya petroli vilikuwa vimeshasikia redioni. Kimoja kilikuwa kimeondoa herufi zote za kibao kikabaki na jina tu, Alden. Kwingine hawakuwa wameondoa, walikuwa wamekipiga kibao chote rangi nyeusi.

Orsted mtu anapokufa, au anapokaribia, mabakuli yanakuja. Viazi na nyama ya kusaga, tambi na jibini, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini ili lirudi kwa mwenyewe. Marlys mwenyewe alikuwa amepeleka mabakuli nyumba zote za mtaa ule kwa miaka thelathini na minane. Jumatano ile hakuja mtu. Alikaa akiutazama mlango wa jikoni, na mlango ukakaa kama ulivyo. Wanawake wale walikuwa wamefunga kula kwa ajili ya mkono ambao haukuminya, na ngozi za shingo zao zilikuwa bado zinabanduka kwa lile jua la siku ya maombi. Alielewa. Ilimuuma vilevile.

Daktari wa Orsted alikuja jioni akachomoa mrija. Dirisha lilikuwa wazi. Alimwambia Marlys amshike mumewe, kwamba itachukua dakika chache, robo saa ikizidi. Marlys akamshika. Ikapita robo saa. Ikapita saa nzima. Alden alikuwa anapumua, kwa shida, kwa mkoromo, lakini mwenyewe. Daktari akavaa koti lake akasema moyo wa mkulima una mambo yake. Marlys hakumkumbusha kwamba Alden hakuwahi kulima hata bustani.

Alhamisi ikapambazuka, Alden bado anapumua. Mchana anapumua. Ukutani kulikuwa na kalenda ya ghala la ngano, picha ya trekta juu na siku chini, na Marlys akajikuta macho yake yanakwenda pale, yanarudi kitandani, yanakwenda pale. Alikuwa ameshaitazama mara nyingi kabla hajakiona anachokifanya. Alikuwa anahesabu. Doyle kule mji mkuu alikuwa anahesabu, na yeye huku alikuwa anahesabu, ila kwa upande mwingine. Alikuwa anataka Alden afe kabla ya Ijumaa. Akifa Alhamisi, basi neno la Marlys limeshinda na barua imeshindwa. Akivuka Ijumaa, ngazi zote zile, aibu ile yote, mlango ule usiobishwa hodi, itakuwa imesaidia nini? Doyle atapata kiti chake kana kwamba hakuna aliyefungua mdomo.

Lilimjaa mpaka likatoka. Aliinama sikioni mwa mumewe.

"Kufa, Alden," alisema. "Kufa leo. Nifanyie hili moja."

Bernadine alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Alirudi jikoni, akasikika akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Marlys aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alimtoa mtu kwenye mashine ili awe huru, sasa yeye ndiye aliyesimama juu yake na saa mkononi. Aliitoa ile kalenda ukutani akaisukuma chini ya kitanda, lakini siku huwezi kuisukuma chini ya kitanda, na alijua vizuri sana kesho ni siku gani.

Ijumaa ikafika na Alden akaivuka, kama alivyozoea kuvuka chaguzi zake, kwa tofauti ndogo. Simu ya ukutani ililia saa mbili asubuhi, Bernadine akapokea, akasema bado, akakata. Marlys hakuuliza ni nani. Hasira ilikuwa imemwishia, na kushinda kulikuwa kumemwishia. Alivuta kiti, kile cha kwao cha mbao kisicholia, akauchukua mkono wa Alden. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Palipokuwa na pete palikuwa na mfereji mweupe, laini kama kiganja cha mtoto, na aliuweka kidole gumba chake pale kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Alimwambia samahani ya jana. Alimwambia bei ya ngano imeshuka tena, kwamba pai ya cheri kweli ilizidi chumvi, kwamba yeye mwenyewe alishaionja kabla yake na akanyamaza.

Saa sita mchana king'ora cha zimamoto cha Orsted kililia, kinavyolia kila siku kuwaambia watu waende wakale. Kilipokuwa kinashuka, Alden alimminya mkono.

Mara ya kwanza alidhani ni mshtuko wa misuli, maana Bernadine alikuwa amemwonya. Kisha ikaja ya pili, kisha ya tatu. Haraka haraka. Kisha ikanyamaza.

Marlys hakupiga kelele. Hakumwita Bernadine. Alibaki ameinama, mkono wake ukiwa ndani ya ule mwingine, akingoja labda iko ya nne, ingawa alijua haiwezi kuwapo ya nne. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye aproni naye anayaangalia kama ya mtu mwingine. Alden akapumua akapumua, kila pumzi mbali zaidi na mwenzake, na saa saba na dakika kumi Marlys alingoja moja ambayo haikuja.

Doyle alipiga tena kabla ya saa nane. Safari hii Marlys alipokea mwenyewe. Doyle aliuliza saa ngapi, na Marlys alipomtajia saa na siku alimsikia akitoa pumzi ndefu ambayo nusu yake ilikuwa furaha na nusu yake kilio cha kweli, kilio cha mtu aliyefiwa na bosi wake wa pekee. Alimwacha alie. Mwisho Doyle akapenga kamasi, na sauti yake ikarudi kazini.

"Shemeji, samahani, lakini wataniuliza. Kulikuwa na chochote mwishoni? Kitu kidogo tu cha kuandika."

Marlys aliutazama mkono wake wa kulia. Hakuwa ameufungua tangu saa sita. Akawaza Wendell Koch na kofia yake, wanawake wa kanisani na shingo zao, kibao kilichopigwa rangi nyeusi. Angesema, nani angemwamini? Na wale wachache ambao wangemwamini wangelipandisha tena kwenye vibao vya petroli kabla ya jua kuzama. Hakuwa na namna ya kulisema. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka hamsini na mbili, hakuwa pia na sababu.

"Hakuna," alisema. "Andika amekufa."

Akarudisha simu ukutani. Bernadine alikuwa ameshamfunika Alden na sasa anakunja shuka za ziada, na daktari alikuwa mezani jikoni na karatasi yake, ameshajaza mahali na saa, akamsogezea kalamu aweke sahihi. Marlys akaichukua kwa mkono wa kushoto, ambao hajawahi kuandika nao maishani mwake, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, mpaka mwisho.